Kidonda Kisicho na Mshono

Nimewahi kuonea wivu vitu vya kawaida: nywele za mtu, kazi ya mtu, sauti ya yule msichana aliyekuwa akitanguliza nyimbo kwenye kwaya ya kanisa letu. Lakini mwaka huo nilionea wivu wengu. Ulikuwa wengu wa mdogo wangu, na hadi siku punda alipompiga teke sikuwa nimeufikiria hata mara moja. Nyumbani tulijua wengu wa mbuzi tu, kile kipande chembamba chenye rangi ya damu iliyokauka ambacho watoto waliachiwa wakichome wenyewe kwenye makaa, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyekitaka. Sikujua unakaa wapi kwa binadamu, wala kwamba unaweza kupasuka huku mwenye nao amekaa anacheka.

Nilikuwa nimerudi kwetu Kitui baada ya mkataba wangu wa kufundisha shule moja ya Kibwezi kuisha. Chuo kikuu nilisomea ualimu wa historia na dini; mwaka wa tatu ile dini ikanitoka, nikabaki na historia. Mama hakuambiwa habari hiyo, lakini aliihisi, kwa sababu kila neno aliloleta mezani nililigeuza kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. Nani alisema? Alijuaje? Aliona mwenyewe?

Mdogo wangu, aliyeishia kidato cha nne, aliniita Prof. Aliniita hivyo kwa dhihaka na kwa fahari, na sijawahi kujua ni kipi kilichozidi. Mama alimwita yeye "baba", kwa kuwa amebeba jina la babu yetu mzaa mama. Mimi aliniita "mwalimu". Nadhani nilipokuwa mdogo niliitwa kitu kingine. Siku nilipopata alama za kuingia chuo nikawa mwalimu, na mwalimu hakumbatiwi.

Ilikuwa kiangazi. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na tulichota maji kwenye visima tulivyochimba katikati yake. Mdogo wangu alikuwa akimpakia punda mitungi, mimi nimeshika kamba. Mtungi wa tatu ulimteleza ukamgonga punda mguuni. Punda akarusha teke moja, bila haraka, kama mtu anayesukuma mlango. Likampata mdogo wangu ubavuni, kushoto. Alikaa chini mchangani, akashika pale, akaanza kucheka.

"Prof, huyu punda alisomea wapi? Hajakosea hata kidogo."

Tulirudi nyumbani polepole. Kufikia saa sita alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, akilalamika bega.

"Bega?" nikamwuliza. "Umepigwa ubavuni, unaumwa bega?"

"Hii ya kushoto. Huku juu kabisa."

"Hiyo haina maana."

"Basi ambia bega yenyewe. Si mimi nimeituma."

Nikaenda kumimina maji kwenye pipa, nikijiambia kwamba anatafuta njia ya kuniachia kazi zote za siku hiyo. Mama alikuwa amemwekea mto chini ya kichwa na alikuwa akimpepea kwa kanga. Nilimimina maji kwa kelele. Nilikuwa nimemaliza mtungi wa mwisho aliposimama kwenda chooni, akapiga hatua mbili, akaanguka mlangoni kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Jirani alileta gari.

Hospitalini walimwekea dripu kabla hatujamaliza kusema jina lake. Halafu wakampeleka kwenye ultrasaundi, wakampaka jeli tumboni, na mtu wa mashine akaanza kuteleza na kile kifaa chake, akinyamaza zaidi kila alipokaribia kushoto. Mahali palipopaswa kuwa kijivu palikuwa na mistari myeusi. "Hii nyeusi ni damu," alisema. Mama akauliza damu ya nani.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke wa rika langu. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi kumwona. Mimi niliomba kusomea udaktari nikakosa kwa alama chache, na kila ninapokutana na mwanamke wa umri wangu aliyevaa koti jeupe huwa natazama kwanza kama lina doa.

"Wengu umepasuka," alisema. "Damu ikipanda hadi kwenye kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, inasumbua neva moja ambayo maumivu yake husikika begani. Alilalamika bega la kushoto?"

"Hapana," nilisema.

Mama akageuka akanitazama. "Alilalamika."

Lile koti halikuwa na doa.

Presha ya mdogo wangu ilipotulia walimpeleka kwenye skani kubwa, ile ya mtu kulazwa na kuingizwa kwenye pete, baada ya kumdunga dawa mshipani. Daktari alitueleza kwamba dawa hiyo hung'aa kwenye picha, kwa hivyo kama mshipa bado ungekuwa unavuja, tungeona weupe ukimwagika mahali usipostahili kuwa. Haukumwagika. Kulikuwa na mpasuko, mstari mweusi uliokata wengu kutoka ukingoni kuelekea ndani, na damu iliyoganda pembeni. Damu ilikuwa imeacha kutoka.

"Hatutampasua," daktari akasema.

"Sasa mtafanya nini?"

"Tutamlaza. Tutapima presha, tutapima damu, tena na tena. Asitoke kitandani."

"Kwa hivyo mtamtazama tu."

"Tutamtazama sana," alisema, bila kukasirika. "Presha ikishuka, au damu ikipungua, tunaingia naye thieta siku hiyo hiyo. Lakini wengu unasaidia mwili kupigana na maambukizi. Tukiutoa, itabidi ajilinde maisha yake yote. Ukipona ndani, anabaki nao."

"Na nani amehakikisha kwamba unapona wenyewe?"

"Wengi wao hupona. Si wote. Ndiyo sababu hataenda nyumbani leo."

Lilikuwa jibu zuri. Lilinikera kwa uzuri wake. Ningekuwa mimi ndiye daktari, nadhani ningelisema vilevile.

Alikaa wodini siku saba. Mama hakuondoka ubavuni pake isipokuwa walipomfukuza. Mimi nilisafiri kila asubuhi na chakula, na kila nilipoingia nilimkuta ameshika mkono wa mdogo wangu, si kwa woga tena, bali kwa mazoea, kama mtu anayeshika kikombe alichomaliza kunywa. Niliwahi kulala hospitali mara moja, darasa la sita, kwa malaria. Nilijaribu kukumbuka kama kuna mtu aliyenishika mkono. Nilikumbuka mbu na ukuta wa kijani tu.

Siku ya kutoka, daktari aliorodhesha masharti, akinitazama mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa na kalamu. Miezi mitatu asibebe kitu kizito. Asipande pikipiki, asicheze mpira, asimkaribie punda. Asimeze vidonge vya maumivu vya dukani bila kuuliza. Kizunguzungu, bega, tumbo kuvimba: arudi mara moja. Na mtu yeyote asimbonyeze tumbo.

"Hata mimi?" mdogo wangu akauliza.

"Hata wewe."

Niliandika yote kwenye daftari, kwa mkono wangu mzuri wa ubaoni. Nataka hilo lieleweke. Niliandika.

Nyumbani, Mama alichukua filamu ya ile skani akaibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya pazia, dirishani sebuleni, ili mwanga upite. Kwenye kizingiti cha dirisha hilo ilikuwa picha yangu ya mahafali, nimevaa joho. Aliiondoa kwa sababu ilitia kivuli. Aliiweka juu ya kabati, nyuma ya redio.

Na watu wakaja. Kina mama wa kanisa walikuja na kuku, na walipokaa Mama alisimama kando ya dirisha akawaonyesha wengu kwa kijiti cha ufagio. Mara zote alionyesha ini.

"Ndio hii, imepasuka hapa."

"Hilo ni ini, Mama. Picha hizi husomwa kinyume, kushoto kwake ni kulia kwako."

"Mwalimu, leta chai."

Nilileta chai. Waliomba, wakamshukuru Mungu aliyefunga mshipa bila kisu. Nikauliza, nikiwa na birika mkononi, ni nani basi aliyemfungua punda mguu. Hakuna aliyecheka ila mgonjwa, ambaye alishika ubavu akasema, "Prof, wacha kunichekesha, wengu itaruka." Wote wakanigeukia kama niliyemtupia jiwe.

Kikundi cha mwethya, ambacho huzunguka shamba hadi shamba wakilimiana na kuchimba matuta, kilikuja kumaliza matuta ya mdogo wangu yaliyobaki, ingawa haikuwa zamu yetu. Waliimba wakichimba. Yeye alikaa kivulini kwenye kiti chenye mito miwili, amefunikwa kanga kwenye joto lile, akipungia watu mkono. Alinenepa. Supu ya kuku ilimfanya mashavu yang'ae. Mama alimkatia nyama vipande vidogo, kana kwamba meno ndiyo yaliyopigwa teke. Mimi ndiye niliyekwenda mtoni, asubuhi na jioni, na punda yuleyule. Mitungi minne. Nilijifunza kumpakia kutoka mbele na kuongea naye, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kusikiliza nilimwambia mengi. Sikuwa namwonea huruma mdogo wangu hata kidogo. Nilimwonea wivu kiasi kwamba nikiinama kuchota nilikuwa nikijibonyeza ubavu wa kushoto, pale chini ya mbavu, nikitafuta kama na mimi ninaumwa.

Hapo ndipo maswali yangu yalipoanza kuwa na meno.

Sikusema uongo. Hilo ndilo lililonipa amani. Nilisema ukweli kwa mpangilio fulani. Wakati wa chakula cha mchana nilisema, "Lakini tujiulize, wamemfanyia nini hasa? Hakuna mshono. Hakuna sindano ya kuponya. Picha tu, na kitanda. Hata sisi tuna kitanda." Kesho yake nikasema tena kwa namna nyingine. Baba yetu mzazi alipokuja Jumamosi kutoka mji wa Salama, anakofanya kazi ya kuziba matairi kando ya barabara kuu, nilimwambia, naye akaitazama ile filamu kwa muda mrefu, akasema alizoea kuona tundu kabla ya kuliziba, na hili lilikuwa limezibwa na nani? "Ndiyo swali langu," nikasema. Mama alikuwa akiosha vyombo. Alinyamaza. Mimi nilidhani kunyamaza kwake ni kushindwa, na nilipenda ladha yake.

Mchana mmoja, katika wiki ya tatu, mdogo wangu aliniita. Alikuwa amelala chali, amechoka kulala.

"Prof. Ukweli. Kuna kitu imepona huku ndani, ama hawa watu wananiambia tu nikae?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa nimesoma yote niliyoweza kusoma kwenye simu, nikiwa nimesimama mahali pekee penye mtandao, karibu na boma la mbuzi. Nilijua damu huganda, ganda hushikilia, kovu hujengeka chini yake kwa majuma mengi, na kwamba hatari ni kuligutusha kabla halijakomaa. Niliyajua kiasi cha kuyafundisha.

"Sijui," nilimwambia. "Hakuna aliyeingia akaona."

Akageuza uso ukutani. Mara ya kwanza tangu teke lile, nikaona kwamba anaogopa. Nikatoka nje nikiwa mwepesi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Siku nne baadaye susu alifika kutoka Kikima. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya, na huyu ni shangazi ya Mama, mkandaji. Kule kwao Mbooni na hata huku kwetu, watu wengi wa rika la Mama wamepitia mikononi mwake: wajawazito, watoto wenye tumbo, wanaume waliojitegua wakipakia mawe. Alimkanda Mama mimba zetu zote mbili. Alikuwa mfupi, mkavu, na viganja vipana visivyolingana na mwili wake. Alikuja na mkoba wenye chupa ya mafuta ya mbarika iliyofungwa kitambaa, na alipomwona mdogo wangu alimwita mume wake, kama nyanya wa kwetu wanavyomtania mjukuu wa kiume.

"Mume wangu, nasikia umepigwa na mke mwenza."

"Susu, ni punda."

"Ndiyo huyo huyo."

Walicheka. Mama alinivuta jikoni, akaniambia nipashe maji moto na nilete karai.

"Ya nini?"

"Anamkanda. Tumbo ikipigwa kitu husonga kutoka mahali pake. Atairudisha."

Nikasimama na karai mkononi. "Mama, daktari alisema—"

"Daktari alisema nini?" Aligeuka. Sikuwa nimeona uso wake kwa karibu kwa muda, ulikuwa umekonda. "Wewe ndiye umesoma. Wewe ndiye umesema kila siku kwamba hawakumfanyia chochote. Picha na kitanda. Nimelala na hayo maneno. Mtoto wangu yuko na kidonda na hakuna mtu amekigusa. Sasa nimeleta mtu wa kukigusa. Pasha maji."

Nikapasha maji. Naweza kueleza kwa nini watu waliishi na watawala wabaya, naweza kueleza njaa na vita, lakini sijaweza kueleza kwa nini nilipasha maji yale. Naweza kusema tu nilichofikiri. Nilifikiri: kama mdogo wangu anadanganya, sasa tutajua. Nilifikiri pia, chini yake: acha na yeye asikie uchungu kidogo, wa kweli, wa kuonekana. Maji yalianza kutoa mvuke. Nilitumbukiza kidole kupima kama mama anayemwogesha mtoto.

Nilipoingia sebuleni mdogo wangu alikuwa amevuliwa shati. Tumbo lake lilikuwa laini, jeupe kidogo kwa kukaa ndani, bila alama yoyote. Huo ndio ulikuwa udhia wake mkubwa machoni pangu wiki zote hizo: kwamba hakuna alama. Susu alichovya kitambaa kwenye maji, akamfuta, akamimina mafuta kiganjani, akayasugua yapate joto. Alianzia upande wa kulia, kwa mizunguko mipana. Alikuwa na ustadi, hilo halifichiki. Mikono yake ilikwenda kama inayosoma.

Mdogo wangu hakumtazama susu. Hakumtazama Mama. Alinitazama mimi, nimesimama mlangoni.

"Prof," alisema polepole. "Hii ni sawa?"

Mikono ikapita kitovu.

Nilitambua kitu kimoja wakati huo, na kilinijia kama aibu. Nyumba nzima ilikuwa imenidhihaki kwa maswali yangu, lakini yeye alikuwa ameyaamini. Alidhani mtu anayeuliza kila kitu hawezi kuacha swali moja la maana lipite. Alikuwa akingoja niulize.

"Susu, toa mkono."

Ilitoka kwa sauti ya darasani. Hakuna anayemwambia susu hivyo. Viganja vilisimama. Mama akasema, "We mwalimu!" Nami nilikuwa nimekwisha kupiga magoti nikaweka kiganja changu mwenyewe upande wa kushoto, juu ya ngozi yenye mafuta, bila kubonyeza, kama mtu anayefunika taa upepo usiizime.

"Huyu mtoto mlimfunza adabu gani?" susu akauliza, si mimi, bali Mama.

"Nilisema uongo," nilisema. "Walimfanyia kitu."

"Basi sema walimfanyia nini," Mama akasema. "Sema leo. Sema tuelewe."

Nikasimama, mkono ukinuka mbarika, nikaenda dirishani. Nikawaonyesha ini, nikasema hili ni ini. Nikawaonyesha wengu na ule mstari mweusi. Nikasema mshipa uliacha kuvuja, wakahakikisha kwa ile dawa inayong'aa. Wakaona mwili wake mwenyewe umeanza kuziba. Wakakaa pembeni na kisu tayari, wakihesabu damu yake asubuhi, mchana na jioni, ili wasije wakamtoa kitu ambacho kingepona. Kazi yao ilikuwa kujizuia. Nikasema kuna ganda pale ndani, na chini ya ganda nyama inajishona, na ikibonyezwa kabla ya wakati inaweza kufunguka, na akiwa hapa nyumbani, mbali hivi, damu inaweza kuisha kabla gari halijapatikana. Nilisema yote kwa dakika chache. Yalikuwa kichwani mwangu muda wote, yamepangwa, kama somo lililoandaliwa kwa darasa ambalo mwalimu amekataa kuingia.

Susu alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kuna kigaga ndani?"

"Ndiyo, susu."

"Kama cha goti."

"Kama cha goti."

Akamgeukia Mama. "Mimi sikandi kidonda. Tangu nianze kazi hii sijawahi kukanda kidonda. Uliniambia kwenye simu tumbo imesonga. Nani alikuambia imesonga?"

"Nilisema hawakumfanyia kitu," Mama alisema. "Nilifikiri kama hawakufanya kitu, basi…"

Alinitazama. Susu naye akanitazama. Nilingoja mtu aniulize kwa nini, na nilikuwa tayari kujibu, lakini hakuna aliyeuliza.

Susu alifunga chupa yake. "Huyu msichana anaongea kama mimi nikifukuza watu waliokuja na mfupa uliovunjika," alisema. "Lakini mbona umechelewa hivyo? Mkono wangu ulikuwa umefika kitovuni."

Saa moja haikuisha kabla mdogo wangu hajasema bega linamuuma. Alisema polepole, kama anayeomba radhi. Sikumwambia kwamba haina maana. Nilikimbia hadi kwa jirani nikiwa na ndara moja.

Ndani ya gari nilikaa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, kwa mara ya kwanza tangu tukiwa watoto. Mama alikaa mbele. Kila jiwe la barabara ile nililisikia ubavuni mwangu, na safari hii sikuwa nautafuta uchungu.

"Prof," alisema, macho yamefumbwa. "Si uliandika kwa daftari? Asibonyezwe?"

"Niliandika."

"Niliona ukiandika."

Basi.

Daktari alikuwa yuleyule. Mtu wa ultrasaundi aliteleza na kifaa chake kutoka kulia kwenda kushoto, na nikafuata kioo kwa makini kuliko nilivyowahi kufuata sala yoyote. Ile nyeusi ya mwanzo ilikuwa imepungua, imebaki ukanda mwembamba. Presha ilikuwa nzuri. Walimpima damu, tukangoja, ikawa haijashuka. Bega, daktari alisema, huenda ni la kulala upande mmoja wiki tatu, lakini tulifanya vizuri kuja, na abaki hadi kesho watazame tena. Halafu akaona mng'ao kwenye ngozi.

"Haya mafuta ni ya nini? Nani alimkanda?"

Mama alifungua mdomo.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye nilisababisha."

Daktari alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akaandika kitu kwenye faili. Hata maandishi yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Ningependa kumalizia kwa kusema wivu uliisha. Haukuisha. Filamu ilikaa dirishani miezi yote mitatu, na kuku waliendelea kuja, na mara moja alipokohoa watu wanne walisimama. Nilichofanya ni kuacha kuuliza maswali niliyokuwa na majibu yake. Yale mengine nimeendelea kuyauliza. Na jioni, nikirudi mtoni, nilikaa karibu naye nikamweleza wengu hatua kwa hatua, umefika wapi sasa, ganda au kovu, naye akanisikiliza akitafuna ngozi ya kuku wa kanisa bila kunigawia.

Miezi ilipokwisha, na daktari akampima akamwachia, asubuhi yake akasema anakwenda mtoni mwenyewe. Nilikwenda naye. Mama naye akaja, na jirani, na wanawake wawili waliokuwa kisimani wakaacha kuchota ili watazame. Alijaza mtungi mmoja, nusu tu, akaubeba kumwelekea punda. Wakampigia makofi. Nusu mtungi. Mimi nilikuwa nimebeba minne, asubuhi na jioni, kiangazi chote, na hakuna aliyewahi kunipigia hata kofi moja.

Punda alimwona, akarudi nyuma akizungusha makalio.

"Prof, punda imenikataa."

"Amenizoea mimi."

"Mwambie basi."

Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Nilimshika punda shingoni, nikaongea naye yale yetu, akatulia. Halafu, badala ya kubaki kichwani kwake na kamba kama siku ile, nikazunguka nikasimama nyuma, kati ya miguu yake na ubavu wa kushoto wa mdogo wangu.

"Ukisimama hapo utapigwa," alisema.

"Pakia," nilimwambia. "Pakia haraka."